Kifaru, Kijifaru na Mfano wa Kifaru

Miongoni mwa maandishi ambayo wafasiri huyadharau ni vile vikaratasi vya maelezo vinavyofungwa pamoja na bidhaa. Makala haya yahusu kikaratasi kimoja cha namna hiyo, yaani maelezo ya kuunga mfano wa kifaru cha kisasa kwa vipande vya plastiki vinavyouzwa ndani ya sanduku. Jambo lenyewe laweza kuonekana kuwa la burudani tu, lakini istilahi zake ndizo zile zile zitumiwazo na karani wa forodha, mwandishi wa habari za vita na ofisa anayejaza taarifa za silaha. Katika mpangilio wa kimataifa wa bidhaa za forodha, vifaru na magari mengine ya deraya yamo katika fungu la 87.10, na mifano iliyopunguzwa kwa skeli imo katika fungu la 95.03. Hati isemayo "vifaru 200" mahali pa "mifano 200 ya vifaru" haitapita dirishani pasipo maswali.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Katika tafsiri tulizopata kuziona yametumika maneno manne: kijifaru, kifaru cha kuchezea, kifaru bandia na mfano wa kifaru.

Kijifaru ni neno halali kwa kanuni za lugha yetu. Jina lililokwisha kuwa na ki- huongezewa -ji- ili kulidogosha, kama kitabu kinavyozaa kijitabu. Kasoro yake ni kwamba udogoshaji wa Kiswahili hautaji kiasi. Kilima ni kidogo kuliko mlima, lakini hakuna ajuaye kwa mara ngapi. Tena mara nyingi udogoshaji hubeba dharau: mtu haitwi kijitu kwa sababu ya ufupi wake peke yake. Mfano wa kifaru hauna dharau yoyote, na udogo wake ni hesabu iliyopigwa.

Kifaru cha kuchezea ni cha mtoto. Mtutu wake waweza kufanywa mnene ili usivunjike, na chini yake yaweza kuwekwa magurudumu yasiyopata kuwako katika kifaru chochote. Hakidaiwi ukweli. Hata fungu la 95.03, ingawa limeweka vyote viwili pamoja, lataja vitu vya kuchezea mbali na mifano ya skeli mbali.

Neno bandia ndilo lenye hatari zaidi, kwa kuwa lina kazi nyingine jeshini. Mwaka 1944 kikosi kimoja cha Wamarekani nchini Ufaransa kilitumia vifaru vya mpira vilivyojazwa upepo ili kuwahadaa Wajerumani. Hivyo ndivyo vifaru bandia: ukubwa wao ni wa kweli na mwili wao ni wa uongo. Mfano ni kinyume chake, kwani ukubwa wake si wa kweli lakini umbo lake halina budi kuwa la kweli.

Limebaki mfano, nalo halikosi ila. Sentensi "T-72 ni mfano wa kifaru cha kisasa" yamwelekeza msomaji kwenye kifaru chenyewe, si kwenye plastiki. Wako waliopendekeza modeli ili kuondoa utata huo. Sisi hatuoni kuwa utaondoka, kwa sababu modeli limekwisha kushikwa na magari: modeli ya T-72 yaweza kueleweka kuwa ni T-72A ama T-72B. Twapendekeza mfano wa skeli kila panapokuwa na shaka, na mfano peke yake pasipo na shaka. Kwa urefu wake: mfano wa T-72 wa skeli ya 1:35.

Skeli ni neno ambalo walimu wa jiografia wamekwisha kulizoesha, na hatuna sababu ya kutafuta jingine. Lakini kanuni yake ya ramani nayo ifuatwe. Skeli ya 1:35 ni kubwa kuliko ya 1:72, kwa kuwa moja ya thelathini na tano daima ni kubwa kuliko moja ya sabini na mbili. Wafasiri wengi hutazama tarakimu ya pili wakageuza maana, na mnunuzi akatumiwa kitu cha nusu ya kile alichotaka.

Skeli ya 1:72 ina mantiki ya vipimo vya Kiingereza, maana inchi moja husimama mahali pa futi 6. Ile ya 1:35, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi kwa vifaru, haikutokana na hesabu ya namna hiyo. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotoa kifaru cha Kijerumani cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikipa ukubwa wa kutosha mota na betri ndani yake. Baadaye kilipopimwa kikaonekana kuwa 1:35, na wengine wakafuata. Sehemu kubwa ya wanaounga mifano siku hizi hawahitaji mota, lakini skeli ya betri ingali ipo.

Usahihi wa kazi hii watokana na kugawanya. T-55 ina upana wa mita 3.27, kwa hiyo mfano wake uwe na milimita 93 na kidogo. Mzinga wa milimita 100 utakuwa na tundu lisilofika milimita 3. Kosa la milimita moja juu ya mfano ni sawa na sentimita 3.5 juu ya chuma. Ndiyo maana mabati membamba, kama yale ya ubavuni, hayawezi kufinyangwa kwa plastiki pasipo kuwa manene kupita kiasi. Huwekwa vibati vya shaba vilivyokatwa kwa asidi.

Sasa kifaru chenyewe. Waingereza walikiita jina la tangi la maji wakati kilipokuwa siri, kabla ya kukipeleka vitani huko Somme mwezi Septemba 1916. Kiswahili kilichagua mnyama mwenye ngozi nene, na kwa maoni yetu kilichagua vizuri zaidi; tena kimetuachia tangi kwa ajili ya mafuta yaliyomo ndani ya kifaru. Upatanisho tu ndio uangaliwe: wa porini amekufa, cha jeshini kimeharibika.

Taabu ni kwamba kila gari lenye deraya huitwa kifaru. M113 ya Marekani ni gari la deraya la kubeba askari. M109 ni mzinga unaojiendesha, hata ukiwa na minyororo na kichwa kinachozunguka. Wala minyororo si kipimo. Daftari la Umoja wa Mataifa la silaha za kawaida, lililoanzishwa mwaka 1991, lahesabu kuwa kifaru gari la minyororo au la magurudumu, lenye uzito usiopungua tani 16.5 pasipo shehena, na mzinga wa kupiga moja kwa moja wa milimita 75 au zaidi. Mfasiri aelezaye kifaru kuwa ni "gari la vita la minyororo" amekosea pande zote mbili.

Kwa sehemu zake twapendekeza kiwiliwili kwa mwili wa chini na kichwa kwa sehemu ya juu izungukayo. Mnara umetumiwa na baadhi ya waandishi, lakini kichwa cha T-55 kinafanana na bakuli lililofunikwa, na msomaji wa mnara atatafuta kitu kirefu. Mzinga ni silaha nzima. Mtutu ni bomba lake. Vipande vya mnyororo viitwe pingili, kama vya muwa. Magurudumu yapewe majina kwa kazi zake: la meno, ambalo katika T-55 liko nyuma na ndilo linalovuta mnyororo, la kukazia, lililo mbele, na ya kukanyagia, 5 kila upande katika T-55 na 6 katika T-72. Vigurudumu vidogo vya kuegemeza mnyororo kwa juu vimo katika T-72, 3 kila upande. Katika T-55 havimo kabisa.

Hapo ndipo neno moja linapoweza kuharibu kazi. T-54 ina kifuniko cha hewa chenye umbo la uyoga juu ya kichwa, na T-55 haina. Kifaru cha Kichina cha Aina ya 59, ambacho kimepata kutumiwa na jeshi la Tanzania, kilifuata T-54, kwa hiyo uyoga huo kinao. Kikaratasi kisemapo "usibandike kipande hiki kwa T-55", na mfasiri akaliacha "usi-", muungaji atakuwa na kifaru kisichopata kuundwa na kiwanda chochote.

Kuhusu kupaka rangi hatuna mengi. Msasa, tupa, gundi na brashi ni maneno ya kila fundi. Kazi ya mwisho, ya kuufanya mfano uonekane umepita matopeni na juani, twaiita uchakazaji, tukikataa uchafuzi. Neno kichwa bado halijaturidhisha kabisa, kwa kuwa treni nayo ina kichwa chake. Wasomaji waliofanya kazi katika karakana za jeshi watuletee neno wanalolitumia wao.