Herufi za Madoido: Kimoja Kicheze, Vingine Vitulie

Herufi za madoido ni zile zilizobuniwa kusomwa kwa ukubwa na kwa maneno machache: jina la duka, kichwa cha tangazo, maandishi ya usoni mwa pakiti. Hizo si sawa na herufi za gazeti na kitabu, ambazo kazi yake ni kusomeka bila kujionyesha. Ndani ya kundi la madoido zipo za kuchangamsha, yaani nene za mviringo, zinazorukaruka juu ya mstari, au zinazoiga mwandiko wa mkono. Muuza chipsi wa Sofu, mojawapo ya kata za Kibaha mjini, au mwenye saluni wa Kisarawe, hukutana nazo siku anapokwenda steshenari kuagiza bango. Fundi humfungulia orodha ndefu ya fonti kwenye kompyuta, naye hutakiwa kuchagua papo hapo.

Herufi hizi zilizaliwa na biashara. Mwanzoni mwa karne ya 19, wachapaji wa London walizinenepesha herufi za vitabu ili matangazo ya ukutani yaonekane kutoka ng'ambo ya barabara. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alipata njia ya kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na herufi kubwa zikawa nafuu. Mwaka 1886 Frank Robinson, mtunza hesabu, aliliandika jina la Coca-Cola kwa mwandiko wa kuunga uliokuwa ukifundishwa shuleni Marekani wakati huo. Mwandiko huo ungali juu ya milango ya maduka mengi ya Tanzania, mara nyingi ukiwa mkubwa kuliko jina la mwenye duka.

Afrika Mashariki kazi hii ilikuwa ya mkono kwa muda mrefu. Mchora mabango alipiga mistari kwa penseli, akajaza herufi kwa rangi ya mafuta, kisha akachora pembeni kichwa kilichosukwa, kuku au cherehani ili hata asiyesoma ajue kinachouzwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za namna hiyohiyo kwenye vipande vya ubao. Siku hizi mabango mengi huchapwa kwa mashine kwenye turubai, na fonti ya kompyuta imechukua nafasi ya mkono wa fundi.

Hata hivyo, somo zuri la kupanga herufi halimo kwenye kompyuta. Limo kwenye kanga. Kanga ina pindo pembezoni, mji katikati na jina, yaani msemo wake. Pindo na mji hujaa maua, korosho, nukta na rangi zinazogombana. Jina, ambalo zamani liliandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya zile za Kirumi kushika nafasi, huwekwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, aghalabu ndani ya kisanduku chake. Pambo hucheza, maneno husimama, na msomaji hulipata fumbo akiwa hatua kadhaa nyuma ya mvaaji. Bango lenye herufi za madoido hugeuza mpango huo bila kuvunja kanuni yake: jina likicheza, kilicholizunguka sharti kitulie. Jina la kurukaruka juu ya picha ya machweo, lenye kivuli, mng'ao na rangi nne, ni kanga yenye miji miwili.

Hatua ya kwanza ya kuchagua herufi za bango ni kulinganisha tabia ya herufi na tabia ya biashara. Cooper Black, iliyochorwa na Oswald Cooper wa Chicago mwaka 1922, ni nene na haina ncha kali; inakaa vizuri kwenye maandazi, keki na juisi. Fredoka na Baloo zina unene na mviringo wa namna hiyo, nazo hufaa vituo vya watoto na nguo zao. Lobster, ya Pablo Impallari ya mwaka 2010, na Pacifico, ya Vernon Adams, huiga mwandiko wa brashi. Zinapendeza kwenye saluni na aiskrimu, lakini haziandikwi kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu viungo vyake hukatika na neno hubaki vipande. Comic Sans ilichorwa na Vincent Connare mwaka 1994 kwa ajili ya programu yenye mbwa wa katuni. Kwa chekechea haina ubaya. Kwa duka la dawa humfanya mteja asite.

Wapo pia wanaotafuta herufi "za Kiafrika" kwa duka la vinyago au kampuni ya utalii. Fonti iliyovaa sifa hiyo kuliko zote duniani ni Neuland, yenye pembe kama iliyochongwa kwa shoka. Rudolf Koch aliichora Ujerumani mwaka 1923, na haina asili yoyote Afrika. Anayetaka sura ya nyumbani ataikuta kwa mchora mabango wa mtaani.

Hatua ya pili ni kuipima fonti kwa Kiswahili. Fonti nyingi huonyeshwa kwa sentensi za Kiingereza, zenye maneno mengi yanayoishia kwa konsonanti. Neno la Kiswahili karibu kila mara huishia kwa vokali, na a hujirudia kuliko herufi nyingine. Kwa hiyo fonti yenye a inayofanana na o huligeuza jina zima: chai ikawa choi, fundi saa akawa fundi soo. Fonti ambayo I kubwa na l ndogo zinafanana hulifanya neno Ilala kuwa vijiti. Herufi za kuangaliwa kwanza ni a, k, m, n, u na w, pamoja na ritifaa ya ng', ambayo baadhi ya fonti huifanya ndogo mno hata ng'ombe akapoteza sauti yake. Urembo wa q na x hauna faida, kwani Kiswahili hakizitumii.

Hatua ya tatu ni umbali. Mafundi wa mabango hukadiria sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Herufi za sentimita 10 husomeka vizuri kwa mita 12, jambo linalotosha kwa mpita njia wa mtaani. Barabara ya Morogoro, inayopita Kibaha, ni suala jingine. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata mita 14 hivi kila sekunde. Herufi za sentimita 30, zinazosomeka kwa mita 36, humpa abiria chini ya sekunde 3. Ndani ya muda huo husomwa maneno matatu au manne. Fonti nyembamba au iliyobanana hailipi hapo.

Hatua ya nne ni kuipa fonti hiyo mwenzake. Fonti ya madoido ibebe jina peke yake. Namba ya simu, bei na huduma ziandikwe kwa herufi za kawaida, maana 1 inayofanana na 7, au 6 inayofanana na 8, humpeleka mteja kwa mtu mwingine. Kwenye pakiti ya karanga au unga wa lishe, viungo, uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi havichezewi kabisa.

Mwisho ni haki. Fonti nyingi za bure huruhusiwa kwa matumizi binafsi tu. Zile za leseni huria ya OFL, ambazo zimejaa Google Fonts tangu huduma hiyo ianze mwaka 2010, huruhusu pia biashara. Lakini ruhusa hiyo ni ya wote, na jirani anaweza kutumia fonti ileile kesho. Ndiyo maana nembo nzuri huongezewa mkono wa fundi kwenye herufi moja au mbili. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, hakutoshi kuilinda nembo hiyo. Alama ya biashara husajiliwa peke yake chini ya sheria ya mwaka 1986, kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Kabla ya kulipia turubai, jina lichapwe kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, libandikwe ukutani, kisha mtu asiyelijua alisome kutoka upande wa pili wa barabara. Akikwama, fonti ibadilishwe.