Manahodha wa Barazani

Wahenga walisema kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama. Baharini neno hilo ni la kweli. Lakini hapa Lamu, kila yanapokaribia mashindano ya mashua, manahodha huwa mamia kwa mamia, nao wote wamekaa kitako juu ya baraza za mawe, vikombe vya kahawa mkononi, wala chombo hakiendi mrama hata kidogo. Bali mimi nasema, na katika makala haya nitajaribu kuonyesha, kwamba lau si hao manahodha wa barazani, vyombo wanavyovibishania vingekwisha kuwa kuni zamani.

Msomaji aliye Nairobi au Kisumu amezoea kuwasikia mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards wakitabiri nani atatwaa ubingwa. Na sisi huku mpira tunaupenda. Walakini kinachomkosesha Mwamu usingizi ni mashua ya kwao. Shela wana zao, watu wa mjini wana zao, Matondoni wana zao, na ndugu zetu wa Manda na Pate hawakubali kuachwa nyuma. Sitavitaja vyombo hivyo kwa majina, maana mwandishi anayepita katika vichochoro hivi kila siku lazima aangalie maslahi yake.

Mashindano yenyewe yana nyakati zake. Kuna yale ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari, yafanywayo Shela. Kuna ya Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo aghalabu huwa mwezi wa Novemba. Na kuna ya siku za Maulidi, katika Mfungo Sita, wakati wageni wanapomiminika kutoka pwani yote kuja kusoma katika Msikiti wa Riyadha, msikiti wa Habib Saleh; wakati huo huo punda nao hushindana mbio ukingoni mwa bahari. Mashua hushindana katika mkondo wa maji ulio baina ya kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda. Huwekwa maboya, vyombo vikayazunguka na kurudi. Mashine haina ruhusa. Tanga na mikono ya watu, basi.

Sasa tuje kwenye maneno ya barazani. Nilikaa na watu wa mtaa wa Langoni baina ya laasiri na magharibi, siku chache kabla ya mashindano, na nilichokisikia hakikuwa porojo. Kila aliyedai kuwa chombo fulani kitashinda alitakiwa alete hoja, na hoja zenyewe zilikuwa na mpango kama masomo ya chuoni.

Hoja ya kwanza ni chombo chenyewe. Kimeundwa wapi? Aghalabu jibu ni Matondoni, kijiji kilicho upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, ambako mpaka leo mafundi huunda mashua ufuoni kwa macho na mikono, bila ya ramani ya karatasi. Mkuku ni wa mti gani? Mbao ni za mbambakofi au za mwembe? Mataruma yametafutwa katika miti iliyopinda kwa maumbile yake, au yamelazimishwa kwa msumeno? Maana taruma lililokatwa kinyume cha mishipa ya mti halina nguvu, na chombo kikilala juu ya maji hulegea, kikaanza kunywa. Kisha yanakuja maswali ya matengenezo: kimekalafatiwa lini? Deheni imepakwa upya chini, au bado kina majani na chaza waliokiganda tangu kusi? Mtu mmoja aliyekuwa akishangilia chombo cha mtaani kwake alinyamazishwa kwa swali hilo moja tu.

Baada ya mwili wa chombo ni mavazi yake. Mlingoti wa mashua zetu hulalia omo, na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, hupandishwa kwa jarari mpaka juu. Foromali nzito hukifanya chombo kiyumbe. Nyepesi mno huvunjika upepo ukichachamaa. Tanga lililoshonwa likawa na tumbo kubwa hufaa upepo ukiwa nyuma, lakini chombo kikitaka kubisha, yaani kuukabili upepo kwa kwenda upande upande, tumbo hilo huwa mzigo. Basi hapo barazani utawasikia watu wakilijadili tanga kama mafundi cherehani wanavyojadili kanzu ya arusi.

Hoja ya pili ni upepo na maji, na hapa ndipo wazee wanapowazidi vijana. Mashindano ya Januari hufanywa katika kaskazi. Mji wa Lamu uko kaskazini ya Shela, kiasi cha kilomita tatu, kwa hivyo chombo kinachotoka Shela kupanda kuelekea mjini lazima kibishe, na kurudi ni starehe. Msimu wa kusi mambo hupinduka. Lakini Maulidi hufuata mwezi mwandamo, nao hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Mwaka 2014 Mfungo Sita uliangukia Januari, kaskazi tupu. Mwaka 2024 uliangukia Septemba, kusi bado haijamaliza hasira zake. Kwa hivyo anayesema, “Chombo hiki kilishinda Maulidi,” huulizwa papo hapo, “Maulidi ya mwaka gani?” Ushindi wa kaskazi si hoja mbele ya kusi. Mtu anahitaji kuishi zaidi ya miaka 30 ndipo Maulidi yamzungukie misimu yote, na wazee wawili watatu waliokuwapo pale walikuwa wamekwisha kuimaliza duru hiyo.

Na maji je? Maji yakijaa huingia kwa mlango wa Shela yakapanda kuelekea mjini, yakipwa hushuka. Siku za bamvua mkondo una nguvu, siku za maji mafu ni mdogo. Chombo kinachobisha dhidi ya kaskazi huku maji yakijaa husaidiwa na mkondo, lakini upepo na maji yakikutana uso kwa uso bahari huwa na matuta, na mashua fupi hupiga omo na kusimama. Haya si mambo mapya kwa Waamu. Katika Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walikuja kuupiga mji wa Lamu wakashindwa, na wazee husimulia kuwa walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani, maji yamekupwa. Mzee mmoja alilikumbusha tukio hilo kwa kijana aliyepuuza habari za maji. “Mwanangu,” alimwambia, “kuna watu walikuya hapa na majeshi, wakasahau kuuliza maji.”

Hoja ya tatu ni nahodha na mabaharia wake. Chombo kinapobisha, hutokezwa ubao nje ya upande wa joshi, yaani upande unakotoka upepo, na mabaharia wakaupanda, miili yao inaning'inia juu ya maji, ili uzito wao ukizuie chombo kisilale. Hapo watu wenyewe ndio farumi. Wakati wa kugeuza, ubao hutolewa upande huu ukapelekwa upande wa pili, foromali husimamishwa wima ikapitishwa mbele ya mlingoti, tanga likahamishwa, na yote hayo hufanywa huku chombo kinakwenda. Wakichelewa kidogo tu, jirani amekwisha kupita. Ndiyo sababu barazani husemwa kuwa nahodha asiyepatana na watu wake hashindi hata apewe upepo wa peke yake. Nilimsikia kijana mmoja akihesabu kwa vidole: huyu amehamia Mombasa, huyu ameoa juzi, huyu ana kifua, na kwa hesabu hiyo akakitoa chombo cha mtaa wake mwenyewe katika orodha ya washindi. Hakupenda, lakini haki aliisema.

Na wala kina mama wasidhaniwe hawamo. Madarini na ukingoni mwa bahari wako, na vigelegele vyao havitolewi ovyo. Mama mmoja aliyepita akielekea nyumbani aliwasikia wanaume wakibishana, akasimama kidogo, akasema tanga la chombo wanachokisifu ameliona lina kiraka kipya, kisha akaenda zake. Mabishano yalianza upya.

Mimi nilisomea chuoni, na jambo la mwanzo tulilofunzwa kuhusu hadithi ni kuwa haipokewi bila ya isnadi: nani kaipokea kwa nani, naye kwa nani, mpaka kwenye asili yake. Nikiwasikiliza watu wa barazani niliona wanafanya vivyo hivyo. Chombo hiki kimeundwa na fulani, aliyejifunza kwa baba yake fulani, ambaye ndiye aliyeunda kile kilichoshinda mwaka ule. Mashabiki wa mpira humjua mchezaji, wala hawana haja ya kumjua aliyeshona kiatu chake. Shabiki wa mashua humjua fundi, na mti, na msitu mti ulikokatwa. Ilimu hiyo haikuandikwa popote. Imo katika ndimi za watu wabishi.

Lakini isnadi inaweza kukatika. Vijana wengi wavuvi leo wanataka boti za faibaglasi na mashine, na huwezi kuwalaumu, kwani samaki hangoji upepo. Miti imekuwa taabu: Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, mikoko ya Lamu nayo iliingia humo, na watu waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo walitaabika mpaka marufuku yalipolegezwa. Mei 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa upande wa bara wa Ghuba ya Manda, na sasa meli za chuma hutia nanga katika maji yaliyokuwa ya matanga. Mwaka 2001 Unesco iliuandika Mji Mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia, na majumba yetu ya mawe yakapata wa kuyaombea. Mashua haina wa kuiombea ila mashabiki wake.

Hapo ndipo mabishano ya Langoni yalipoacha mzaha. Fundi mmoja mzee alilalamika kuwa siku hizi kuna watu wanaotaka mashua ya kushindania tu, mbao nyembamba, haibebi mchanga wala makuti. “Punda asobeba,” alisema, “mwamjuwaye kama ni punda?” Kijana mmoja nahodha alimjibu kwa adabu lakini bila ya kurudi nyuma: “Ami, na nani leo akuagiza mashua ya kubebea mchanga? Lau si mashindano, na lau si wageni watakao kutembezwa kwa tanga, shoka lako lingeshika kutu.” Baraza nzima ilinyamaza. Mzee alikunywa kahawa yake yote kabla ya kusema, “Hilo nalo kweli.”

Kwa maoni yangu wote wawili wamesema kweli, na ukweli wa mmoja haufuti wa mwenziwe. Kijana ameonyesha kinachomlisha fundi leo. Mzee ameonyesha hatari ya kesho: chombo kikiundwa kwa ajili ya siku moja ya mwaka, ujuzi wa kuunda chombo cha siku nyingine zote utapotea, na hata mabishano yetu yatakwisha, kwa kuwa hapatakuwa na la kubishania ila zawadi.

Ninawapendekezea waandalizi wa mashindano, na Serikali ya Kaunti, mambo matatu ambayo hayana gharama kubwa. Kwanza, liwepo daraja la vyombo vya kazi, vilivyobeba mzigo au kuvua mwaka ule ule, na zawadi yake isiwe ndogo kuliko ya vingine. Pili, mshindi anapotajwa kwa kipaza sauti, litajwe jina la fundi na kijiji chake pamoja na jina la nahodha. Tatu, liwekwe daftari: mwaka, upepo, hali ya maji, chombo, fundi, nahodha, nani wa kwanza na nani wa pili. Vijana wa skuli wapewe kazi ya kuliandika, na waliandike barazani, penye watu wa kuwasahihisha. Miaka 30 ikipita, daftari hilo litakuwa limeona Maulidi katika kila upepo.

Nilipowaambia wenzangu wa Langoni habari hizi, walinitaka niziseme kwa beti moja, wapate kuikumbuka. Nikawaambia:

Chombo kwanza ni fundiwe, pili pepo ziwe zako,
Tatu nahodha ujuwe, maji yendapo yendako,
Jina la fundi litiwe, pamoja na jina lako,
Nahodha ushangiliwe, fundi yu wapi mwenzako?

Beti waliikubali. Kuhusu chombo kitakachoshinda, hawakukubaliana mpaka mwadhini alipoadhini.