Rangi ya Kijani-Kijivu katika Nyumba za Nchi ya Chai

Katika nchi ya Kericho na Bomet, ambako chai hufunika vilima hata upeo wa macho, mtu akimaliza kujenga nyumba ya mawe au matofali huanza kufikiri juu ya rangi ya kuta. Rangi moja ipendezayo ni kijani kilichofifia chenye kijivu ndani yake, mfano wa majani ya leleshwa. Ni rangi tulivu, wala haionyeshi upesi moshi na vumbi kama nyeupe. Lakini ina tabia zake, na asiyezijua hupoteza fedha.

Kericho iko karibu sana na mstari wa Ikweta, nayo imeinuka kiasi cha meta 2,000 juu ya bahari. Mara nyingi jua huwaka asubuhi, na alasiri mawingu hukusanyika na mvua kunyesha, pengine ya mawe. Basi chumba chenye dirisha la mashariki hupata mwanga mwema, na humo rangi hii hupendeza. Katika chumba kielekeacho magharibi, rangi ile ile huweza kuonekana kama majivu yaliyolowa. Tena dirisha likitazama chai kwa karibu, mwanga uingiao huchukua kijani cha majani, na ukuta huonekana wa kijani kuliko ulivyotazamiwa.

Kwa hiyo usitegemee karatasi ya mfano ya dukani. Nunua kopo dogo, upake sehemu kubwa kiasi katika kuta mbili, uitazame asubuhi, alasiri, na usiku kwa taa. Chumba kikiwa na giza, paka ukuta mmoja tu, na zilizobaki ziwe nyeupe kama maziwa. (Wanywao mursik wanajua jinsi kijivu kidogo cha makaa kinavyoipamba nyeupe.)

Jambo kubwa zaidi ni unyevu, kwa maana ukuta wenye maji hauponywi na rangi. Rangi huvimba na kubanduka, kisha kuvu huota, na watoto walalao karibu nayo huweza kupata kikohozi, au pumu yao ikazidi. Na hapa ndipo ulipo ubaya wa kijani-kijivu: kuvu changa hufanana nacho, hata isionekane mapema. Yafaa kuchungulia nyuma ya kabati na vitanda mara kwa mara wakati wa mvua.

Kabla ya kupaka, bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone upande wa ukutani, ngoja. Tengeneza mifereji ya mabati, uondoe udongo ulioegemea ukuta, ufungue madirisha. Plasta mpya ipewe mwezi mzima au zaidi. Rangi kuukuu ya mafuta isikwanguliwe ikiwa kavu, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru akili za watoto. Ilowanishwe kwanza, nao wawe mbali.

Mvua hupungua kati ya Desemba na Februari. Fundi na aanze asubuhi mapema, ili upako wa kwanza ukauke kabla ya mawingu ya alasiri.