Remmy Hajachuja

Mwanangu aliniambia kuwa nyimbo za Remmy Ongala, aliyetutoka mwaka 2010, ni zilipendwa tu, zimepitwa na wakati. Nikamwekea albamu ya Songs for the Poor Man, ambayo Remmy na Super Matimila waliirekodi Uingereza mwaka 1989. Mimi nasikia magitaa yakipokezana, moja linauliza, jingine linajibu. Albamu nyingi za miaka ile zimechujishwa na vinanda vya umeme, maana milio yake ilikuwa fasheni ya wakati ule. Na maneno je? Humo mna "Sauti ya Mnyonge", na wanyonge tungali nao. Ulipofika wimbo wa "Kifo", mwanangu hakubisha tena. Juma lililotangulia tulikuwa tumemzika bibi yake.