Chale: Jana tiba, leo urembo

Mama mmoja wa makamo alimleta mwanawe wa miaka 20 katika kliniki yangu akitaka nimfute tatuu aliyochorwa mkononi. "Daktari, huyu amejiharibu," alilalamika.

Nilipomtazama mama mwenyewe, niliona mistari mitatu myeusi chini ya koo. Alichanjwa chale kwa wembe utotoni alipougua kifua, kisha mganga akampaka dawa yenye masizi. Kwake hiyo haikuwa tatuu. Ilikuwa tiba.

Tiba hiyo si ya Waafrika peke yetu. Mwaka 1991, maiti iliyoganda kwenye barafu ilipatikana katika milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria. Mtu huyo, aliyebandikwa jina Ötzi, aliishi miaka ipatayo 5,300 iliyopita. Ana alama 61, nyingi zikiwa kiunoni, magotini na vifundoni, na viungo vyake kadhaa vilikuwa vimechakaa. Wataalamu wengi wanaamini alikuwa akitibiwa maumivu.

Kwingineko maana ilikuwa tofauti. Wamakonde walichanja nyuso na kupaka makaa ili mtu ajulikane ni wa kwao. Mabaharia wa Uingereza waliofika Tahiti mwaka 1769 walirudi na neno lililozaa "tatuu", na kwa miaka mingi Ulaya iliihusisha na mabaharia na wafungwa. Huko Auschwitz, Wanazi waliwachora wafungwa nambari kwa lazima. Leo ni pambo la wanasoka na wanamuziki, na vijana wetu wanaiga.

Ngozi haijui maana hizo. Wino hubaki kwa sababu sindano hupita ngozi ya juu na kufika ya ndani, ambako chembe za kinga huumeza na kuushikilia. Huko ndiko kuna damu. Jiji la New York lilipiga marufuku uchoraji wa tatuu mwaka 1961 kwa kuhofia homa ya ini aina ya B, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1997. Virusi hivyo huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Wembe uliofutwa tu kwa kitambaa haujasafishwa.

Basi nikamuuliza mama: wembe ule ulichanja watoto wangapi? Alinyamaza kidogo. "Sote nyumbani, na wa jirani."

Niliwapima wote wawili. Kijana hakuwa na virusi. Alichanjwa akiwa mchanga, kwani Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo hiyo mwaka 2001. Mama alikuwa navyo. Siwezi kuapa ni wembe ule, lakini anayeambukizwa utotoni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki navyo maishani, na baada ya miaka mingi ini linaweza kusinyaa au kupata saratani. Sasa anachunguzwa ini kila baada ya miezi sita, na nimeomba ndugu zake waje wapimwe.

Tatuu ya kijana ingalipo. Nilimweleza kwamba miale ya leza huweza kuififisha, ila ngozi nyeusi huachwa na mabaka mara nyingi. Amesema atafikiria.