Mito Isiyo na Vipimo

Kituo cha kupimia maji ya mto hakina mengi ya kutazama. Ni ubao wa chuma uliochorwa sentimita, umesimamishwa ukingoni, na mkazi wa jirani anayeusoma asubuhi na jioni na kuandika kina kwenye daftari. Mara chache kwa mwaka wataalamu hufika na kifaa chenye panga dogo linalozungushwa na maji, wakapima kasi ya mto kipande kwa kipande hadi ng'ambo. Wakishafanya hivyo mto ukiwa chini na ukiwa umefurika, huchora mstari unaolinganisha kina na wingi wa maji. Tangu hapo, namba ile ya daftarini inatosha kueleza ni mita ngapi za ujazo zinazopita kila sekunde.

Mito mingi duniani haina hata ubao huo. Lakini daraja lazima lijengwe, na mkulima anataka kujua kama mfereji wake utapata maji wakati wa kiangazi. Hapo mtaalamu hukadiria: hutafuta bonde lililopimwa ambalo mvua, miamba na miteremko yake inafanana na ya lile lisilopimwa, akaazima tabia zake.

Kwa miaka mingi kila kundi la watafiti lilikuwa na njia yake ya kukadiria, likaijaribu kwenye mito yake na kuisifu. Kilichoweza kuwakutanisha ni Chama cha Kimataifa cha Sayansi za Haidrolojia, IAHS, kilichoanzia Roma mwaka 1922. Mwaka 2003 kilitangaza muongo mzima wa kushughulikia mabonde yasiyo na vipimo. Jaribio la njia hizo ni la haki kabisa: unachukua mto uliopimwa, unajifanya hauna kumbukumbu zake, unakadiria, kisha unafungua daftari uone umekosea kwa kiasi gani. Matokeo ya maelfu ya mabonde yalilinganishwa, na mwaka 2013 yakatoka katika kitabu kimoja.

Watafiti waligundua kwamba makadirio huwa mazuri zaidi penye mvua nyingi na kwenye mabonde makubwa, na huharibika penye ukame na kwenye mabonde madogo. Sababu inaeleweka. Nchi kavu hupokea mvua ya vipande vipande, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi hewani. Kinachofika mtoni ni salio dogo, hivyo kosa dogo katika kupima mvua huwa kosa kubwa katika kukadiria mto. Kwa mtu wa Dodoma au Turkana habari hii ni nzito. Panapohitajika hesabu ya uhakika kuliko pengine popote, ndipo makadirio yanapoaminika kwa kiwango cha chini zaidi. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa wa kuvitetea vile vibao vya chuma kila bajeti inapopangwa, na hakuna maabara moja ambayo ingeweza kuutoa peke yake.

Baadaye chama hichohicho kiliwauliza wanachama wake ni mambo gani bado hawayajui. Mapendekezo yalikuwa mengi, yakabishaniwa hadharani, na mwaka 2019 yakachapishwa maswali 23 chini ya majina ya waandishi wapatao 230. Mojawapo linanivutia sana: kwa nini mto hujaa haraka baada ya mvua, ilhali maji mengi yanayopita humo ni ya zamani, yaliyokuwa yamekaa ardhini kabla mvua hiyo haijanyesha?

Uanachama wa IAHS hauna ada. Mtafiti wa Morogoro au Nairobi anaweza kujiunga leo, na akiwa na kumbukumbu ndefu za mto wa nchi kavu, anakuja na kitu ambacho wenzake wa Vienna na Delft hawana namna ya kukipata bila yeye.