Kabla ya Kununua Mashine ya CNC ya Mezani: Mwongozo kwa Mafundi na Vikundi vya Dundori

Kikundi cha vijana kinachotaka kujiajiri kwa kutengeneza modeli za majengo kinaweza kupoteza akiba ya mwaka mzima kwa siku moja, kwa kununua mashine isiyolingana na kazi yake. Mashine za CNC za mezani zimejaa kwenye maduka ya mtandaoni, na kwa picha zote zinafanana. Makala haya yanaeleza namna fundi, mwalimu au kikundi cha wadi ya Dundori kinavyoweza kuipima mashine kabla ya kulipa. Kanuni kuu ni moja: anza na kipande unachotaka kukata, kisha tafuta mashine inayoweza kukikata.

CNC ni nini?

CNC ni mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Mota tatu husogeza kikatio kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Mota ya nne, iitwayo spindo, huzungusha biti inayokata. Fundi huchora kipande kwenye kompyuta, programu hugeuza mchoro kuwa orodha ya miendo, na mashine huifuata orodha hiyo hatua kwa hatua.

Teknolojia hii si ngeni. Chuo cha MIT nchini Marekani kilionyesha mashine ya kwanza ya aina hii mwaka 1952. Hapa Kenya, mradi wa gari la Nyayo Pioneer, ulioanza mwaka 1986, ndio uliozaa kiwanda cha Numerical Machining Complex jijini Nairobi mwaka 1994. Mashine za viwanda kama hicho ni kubwa na nzito. Jipya ni kwamba sasa ipo mashine inayotosha juu ya meza, inayotumia umeme wa nyumbani, na inayoweza kukata mbao nyembamba, plastiki na hata shaba laini.

Anza na kazi: mfano wa kanisa

Tuseme kanisa moja linapanga harambee ya kujenga jengo jipya na linataka modeli ya kuwaonyesha waumini. Jengo litakuwa na urefu wa mita 24, upana wa mita 12, na kuta za kimo cha mita 4.

Kwa skeli ya 1:100, yaani sentimita 1 ya modeli inasimamia mita 1 ya jengo, ukuta mrefu utakuwa na urefu wa sentimita 24 na kimo cha sentimita 4. Kwa skeli ya 1:50 ukuta huohuo utakuwa sentimita 48 kwa 8. Mashine ndogo inayouzwa sana hujulikana kwa namba 3018, kwa kuwa eneo lake la kukatia ni sentimita 30 kwa 18. Ukuta wa skeli ya 1:100 unaingia humo. Ule wa 1:50 hauingii.

Hapo ndipo wengi hukimbilia mashine kubwa. Lakini ukuta wa sentimita 48 unaweza kukatwa vipande viwili vya sentimita 24 na kuunganishwa mahali ambapo jengo lenyewe lina nguzo. Kiungo kikifunikwa na nguzo hakionekani. Kwa modeli nyingi, mashine ndogo iliyo imara ina faida kuliko kubwa inayoyumba. Kumbuka pia kwamba vibano vya kushikilia mbao hula nafasi, kwa hiyo usihesabu eneo lote lililoandikwa kwenye tangazo.

Sasa angalia dirisha. Dirisha la upana wa mita 1.2 huwa milimita 24 kwa skeli ya 1:50. Fremu yake ya sentimita 5 huwa milimita 1 tu. Kwa skeli ya 1:100 fremu hiyo ni nusu milimita. Hata mabati yana hesabu yake: mawimbi ya bati la kawaida yameachana kwa takriban milimita 76, na kwa skeli ya 1:50 mistari ya paa itaachana kwa milimita 1.5. Vipimo hivi vidogo ndivyo vinavyoamua mashine ipi itafaa, kuliko ukubwa wa jengo.

Biti na kona

Biti ni ya duara, kwa hiyo haiwezi kukata kona ya ndani iliyo kali. Biti ya milimita 3 huacha kona ya mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 1.5. Biti ya milimita 1 huacha nusu milimita. Kwenye dirisha la milimita 24, kona ya milimita 1.5 huonekana wazi.

Biti nyembamba nayo ina shida yake. Huvunjika haraka, na meno yake ni mafupi. Ukuta wa mawe wa sentimita 20 huwa milimita 4 kwa skeli ya 1:50, na biti nyingi za milimita 1 hazina meno ya kufika kina hicho. Njia nzuri ni kugawa kazi. Kata nafasi ya dirisha kwenye plaiwudi ya milimita 4 kwa biti ya milimita 3. Kisha kata fremu peke yake kwenye plastiki nyembamba kwa biti ya milimita 1, na uibandike juu ya nafasi hiyo. Fremu itafunika kona za mviringo zilizobaki kwenye plaiwudi.

Usijaribu kukata kina chote kwa mara moja. Kwa biti ndogo, anza na kina kisichozidi nusu ya kipenyo chake kila mzunguko. Biti ya milimita 1 ikikata plastiki ya milimita 1 itapita angalau mara mbili. Biti ya milimita 3 ikikata plaiwudi ya milimita 4 itapita angalau mara tatu.

Uimara unatangulia nguvu

Matangazo mengi husifu nguvu ya mota na usahihi wa milimita 0.01. Namba hiyo mara nyingi huhesabu hatua ya mota peke yake. Haihesabu fremu inayopinda wala ulegevu wa skrubu, ambao mafundi huuita plei. Mashine yenye plei hukata duara likatoka kama yai, na fremu ya dirisha haiingii mahali pake.

Angalia mambo matatu. Kwanza ni fremu: ya aluminiamu nene au chuma hushinda ya plastiki. Pili ni reli ambazo kichwa hutembea juu yake: reli za chuma zilizofungwa kwenye fremu kwa urefu wote hupinda kidogo kuliko fito zilizoshikwa ncha mbili tu. Tatu ni kinachosukuma kichwa. Mkanda wa mpira ni mwepesi na wa haraka, lakini hunyumbuka. Skrubu ni sahihi zaidi, na skrubu yenye gololi ndani ya nati ina plei ndogo kuliko ya kawaida, ingawa bei yake iko juu.

Kwa spindo, biti ndogo huhitaji kasi. Tafuta inayofika angalau mizunguko 10,000 kwa dakika, na ambayo kasi yake inaweza kupunguzwa. Akriliki, kwa mfano, huyeyuka na kugandamana na biti ikiwa kasi ni kubwa na mwendo wa kichwa ni wa polepole. Kwa akriliki tumia biti yenye jino moja, ili vipande vitoke na joto.

Umeme na hali ya hewa ya Dundori

Dundori iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingi huwa na baridi na ukungu. Plaiwudi na MDF hunyonya unyevu na kupinda. Mbao iliyopinda kwa milimita 1 katikati itakatwa kina kisicho sawa: upande mmoja biti itakata meza, upande mwingine haitamaliza kukata. Hifadhi mbao zikiwa zimelala juu ya rafu kavu, mbali na sakafu ya saruji, na upake skrubu na reli za chuma mafuta mepesi ili zisishike kutu.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine husahau kichwa kilikuwa wapi. Kwa hiyo chagua mashine yenye swichi za mwanzo, ambazo hurudisha kichwa kwenye nukta ileile kila inapowashwa. Bila hizo, kipande kilichokatwa saa mbili huenda kikatupwa. Ongeza kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka. Hakikisha pia mashine inakubali volti 240, kwa kuwa zile zilizotengenezewa soko la Marekani hutumia takriban 120.

Vumbi na usalama

Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la MDF ni laini sana na mbao hiyo ina gundi yenye formaldehaidi. Usiiweke mashine jikoni au chumba cha kulala. Nunua kivuta vumbi, barakoa inayofaa na miwani pamoja na mashine, wala usingoje mwezi ujao. Mashine iwe na kitufe chekundu cha kuizima ghafla, mahali ambapo mkono unafika bila kupita karibu na biti.

Mashine nyingi ndogo huuzwa na kichwa cha leza cha kubadilisha. Leza hukata kadibodi vizuri na huacha kona kali, lakini inaweza kupofusha jicho ikiwa haina kifuniko na miwani maalumu. Usikate plastiki ya PVC kwa leza hata kidogo, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu inayodhuru mapafu na kuoza chuma cha mashine yenyewe.

Bajeti: bei ya mashine si gharama yote

Kikundi kinachotumia pesa zote kununua mashine hukwama wiki ya kwanza biti inapovunjika. Kabla ya kulipa, andika orodha kamili: biti za akiba, vibano, kivuta vumbi, kipimo cha vernia, kompyuta, mbao za kujifunzia na nauli. Kwa mashine inayoagizwa kutoka nje, uliza KRA kuhusu ushuru na VAT ya asilimia 16, na KEBS kuhusu cheti cha ubora. Programu zisikutishe. FreeCAD na Inkscape hupatikana bila malipo, na mashine nyingi ndogo huongozwa na GRBL, ambayo pia ni ya bure.

Kikundi kinachokopa, iwe ni Hazina ya Uwezo, Hazina ya Vijana au chama, kijue marejesho yanaanza lini na kulinganisha na siku ambayo mashine itakuwa tayari kufanya kazi. Wiki kadhaa za kujifunza zina gharama kama kitu kingine chochote.

Jaribu kabla ya kununua

Njia ya bei nafuu ya kuijua mashine ni kutumia ya mwingine. Chora ukuta mmoja wenye dirisha, uupeleke kwenye karakana yenye CNC, ulipie kipande hicho kimoja, kisha umwonyeshe mteja. Maabara ya FabLab katika Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa mwaka 2009 kwa kazi za aina hii. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, kwa hiyo kuuliza kwenye chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu ni haki ya mwananchi. Mteja asipoipenda modeli iliyokatwa kwa mashine ya kukodi, hataipenda iliyokatwa kwa mashine yako.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

1. Eneo halisi la kukatia ni sentimita ngapi baada ya kufunga vibano?
2. Je, mashine ina swichi za mwanzo na kitufe cha kuzima ghafla?
3. Je, inaweza kukata mraba wa milimita 50 na duara la milimita 30 mbele yangu? Pima kwa vernia pande zote. Tofauti ikizidi milimita 0.2, fremu za madirisha zitakusumbua.
4. Spindo inashika biti za kipenyo gani, na vipuri vyake vinapatikana Nakuru au Nairobi?
5. Dhamana ni ya muda gani, na nani hulipa nauli ya kuirudisha?
6. Je, nitapewa risiti yenye jina la kikundi?

Muuzaji akikataa kukata mbele yako, shika pesa zako. Na ukishaipata mashine, hifadhi mraba ule wa kwanza na vipimo vyake. Baada ya miezi sita kata mwingine na uulinganishe: ukiwa umepungua au kuongezeka, skrubu zimeanza kulegea, na utazikaza kabla mteja hajaona.